Mtoto Amepimwa Masikio, Kisha?

Kumpima mtoto mchanga masikio ni kazi ya dakika chache, mradi tu awe amelala. Muuguzi huchagua kijipira laini kinacholingana na tundu la sikio, hukivika kwenye ncha ya mashine inayoenea mkononi, kisha hukiingiza taratibu huku akivuta ndewe kidogo kuelekea chini na nyuma ili tundu linyooke. Mashine hutoa milio midogo midogo. Sikio zima lina tabia ya ajabu: chembe zilizomo ndani kabisa hutikisika na kurudisha mwangwi hafifu mno, na mwangwi huo hunaswa na kipaza sauti kidogo kilichomo kwenye ncha ile ile. Aliyeonyesha jambo hili kwa mara ya kwanza, mwaka wa 1978, ni David Kemp, mtafiti wa London. Mtoto hadungwi sindano, hatolewi damu, hata usingizi hakatizwi. Mwangwi ukirudi, sikio hilo limepita. Usiporudi, apimwe tena.

Nimeanza na mashine kwa kuwa miradi nayo huanzia hapo. Mashine ndiyo hununuliwa kwanza, ndiyo hukabidhiwa mbele ya wageni, na idadi ya watoto waliopimwa ndiyo hujazwa kwenye ripoti ya kila robo mwaka. Lakini anayetaka kujua kama mpango wa kuwapima watoto masikio utasimama katika kaunti za Kisii na Nyamira asiangalie mashine. Aangalie zile wiki chache kati ya siku mama anaporuhusiwa kwenda nyumbani na siku anapotakiwa kurudi. Nimesoma na kusikia mengi juu ya miradi ya namna hii, ya hapa Kenya na ya mbali, na kila mara pengo huwa pale pale.

Haraka yenyewe ina sababu. Mtoto huanza kusikia akiwa bado tumboni, na anapozaliwa tayari anaijua sauti ya mamake. Miezi ile ya kwanza ubongo wake unajijenga kwa lugha anayoipata, iwe ya sauti au ya ishara. Asipopata yoyote, nafasi ile hupita na kuirudisha baadaye huwa kazi ngumu. Mwaka wa 1998 Christine Yoshinaga-Itano na wenzake walichapisha utafiti kutoka jimbo la Colorado, Marekani, uliolinganisha watoto viziwi waliogunduliwa kabla ya miezi 6 na wale waliogunduliwa baadaye. Wa kwanza walikuwa mbele kwa lugha, na mbele kwa mbali, bila kujali kama familia ilikuwa na pesa au la. Tangu hapo wataalamu wengi hushika ratiba moja: mtoto apimwe kabla ya kutimiza mwezi 1, jibu la hakika lipatikane kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6.

Sasa iweke ratiba hiyo kwenye milima ya Gusii, yaani kaunti hizo mbili.

Kulingana na sensa ya 2019, Kisii ina watu 1,266,860 na Nyamira 605,576, wengi wao wakiishi kwenye vishamba vidogo vilivyobanana juu ya vilima, mgomba kwa mchai. Wanawake wengi siku hizi hujifungulia hospitalini. Mwaka wa 2013 serikali ilipotangaza kuwa kujifungua katika hospitali za umma hakulipiwi, wodi zilijaa kote nchini, na utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulikuta watoto 82 katika kila 100 nchini wanazaliwa katika kituo cha afya, kutoka 61 mwaka wa 2014. Kwa mtu anayepanga kupima masikio, hii ni neema kubwa. Watoto wako mahali pamoja, mama yuko kando, na muuguzi yupo.

Tatizo ni saa. Sikio la mtoto aliyezaliwa leo asubuhi bado lina maji na utando wa tumboni, na mashine haiwezi kutofautisha sikio lililozibwa na maji na sikio lisilosikia. Ukingoja siku moja, afadhali mbili, sikio hukauka na majibu ya uongo hupungua sana. Ila mama aliyejifungua salama hakai siku mbili. Kitanda kinahitajika, watoto wengine wako nyumbani, na majani ya chai yanakomaa. Anayejifungua usiku anaweza kuwa barabarani kesho yake mchana, mtoto amefunikwa blanketi, shangazi kabeba beseni na mkoba. Kwa hiyo muuguzi ana njia mbili tu: ampime mapema na apate majibu mengi yasiyo ya kweli, au angoje na amkose.

Tuipige hesabu. Makadirio ya kimataifa ni kwamba kati ya watoto 1 na 3 katika kila 1,000 huzaliwa na upungufu wa kudumu wa kusikia, na mahali penye uhaba wa huduma idadi huweza kuzidi hapo. Chukua watoto 10,000, ambao katika kaunti hizi mbili si wengi. Walio na uziwi wa kweli watakuwa kati ya 10 na 30. Tuseme mashine, kwa sababu ya maji na kelele za wodi, imemrudisha mtoto mmoja katika kila kumi. Hao ni akina mama 1,000 watakaoambiwa warudi. Karibu wote wana watoto wanaosikia vizuri kabisa. Wale 10 au 30 wamejificha humo, na hakuna anayeweza kuwatenga mpaka kila mmoja arudi. Nusu yao wakikosa kurudi, nusu ya viziwi nao wamepotea, na ripoti bado itasema watoto 10,000 wamepimwa.

Upo ubaya mwingine ambao hauonekani kwenye hesabu hiyo. Hata wote wakirudi, mama 970 na zaidi wataambiwa mtoto hana neno. Watafurahi, na watakuwa na haki ya kuuliza kwa nini walitiwa hofu. Habari hiyo itapanda nayo matatu. Ikifika Keroka sokoni itakuwa imeshakuwa hivi: wale wa masikio walisema mtoto wa fulani hasikii, na anasikia. Mama atakayeambiwa arudi mwezi ujao ataingia akiwa ameshaisikia hadithi hiyo.

Na hata asipoisikia, nyumbani kuna nyanya. Namtaja nyanya kwa heshima zote, maana ndiye mwenye uzoefu wa watoto katika boma na neno lake lina uzito kuliko karatasi ya hospitali. Anagonga sufuria nyuma ya mtoto, mtoto anashtuka. Anafunga mlango kwa kishindo, mtoto anafumba macho. Basi anasikia. Hajui, na hakuna aliyemwambia, kwamba mtoto kiziwi huhisi mtikisiko wa mlango kupitia kitandani, huona kivuli cha mkono, na kwamba wengi wa watoto hao hawana uziwi kamili: hupata kishindo cha sufuria na kukosa maneno. Kwa miezi ya mwanzo mtoto kiziwi hulia, hucheka na hata kubwabwaja kama wenzake. Kimya chake huja baadaye, na kikija familia huwa na jibu tayari, kwamba babake pia alichelewa kuongea. Mtoto anafika miaka mitatu, minne, ndipo mwalimu wa chekechea anaita mzazi.

Kwa hiyo kinachosemwa pale kitandani kina uzito sana. Mama huuliza moja kwa moja: "Sista, kwani mtoto wangu ni bubu?" Muuguzi aliye na wagonjwa thelathini atajibu, "Hapana mama, mrudishe tu wiki mbili zijazo." Ni jibu la huruma, na mama amesikia neno moja tu ndani yake, hapana. Muuguzi aliyepata dakika tatu na aliyefundishwa la kusema atamweleza kwamba masikio ya watoto wengi huwa na maji siku ya kwanza, kwamba wengi wakirudi hukutwa wazima, na kwamba wachache wasiokuwa wazima ndio hasa wanaotafutwa, kwa kuwa wakijulikana sasa watakua na lugha kama wenzao. Halafu amwombe namba ya simu, na si yake peke yake. Simu ya mama mwenye umri wa miaka kumi na tisa huenda imezimwa, au laini imebadilishwa, au simu ni ya mume aliye kibaruani Nairobi. Namba ya nyanya ndiyo hupatikana.

Dakika tatu hizo hazimo katika mipango. Bajeti huwa na mashine, warsha ya siku tatu kwenye hoteli, posho na nauli za washiriki. Muuguzi anarudi na cheti. Miezi sita baadaye zamu inabadilishwa, anapelekwa wodi ya upasuaji au anahamishiwa zahanati ya mashinani, na aliyechukua nafasi yake hajawahi kuishika mashine. Si kosa la matron. Wodi lazima zijazwe na wauguzi hawatoshi. Lakini mpango ulioandikwa ukitegemea watu wanne waliofunzwa, bila kupanga nani atawafunza wanne watakaofuata, una tarehe yake ya kufa tangu siku ya kwanza. Vijipira vya ncha navyo huisha. Ni vidogo kuliko punje ya maharagwe, lazima viwe vya saizi mbalimbali, na bila hivyo mashine haina kazi. Hospitali hununua dawa na glavu kupitia utaratibu unaojulikana. Vijipira vya mashine ya masikio havimo kwenye orodha ya mtu yeyote, kwa sababu mfadhili ndiye aliyekuja na boksi la kwanza. Mashine yenyewe huhitaji kukaguliwa vipimo vyake kila mwaka na fundi ambaye hapatikani mjini Kisii.

Tena kuna mambo yasiyoandikwa katika mpango wowote. Mwaka wa 2017 wauguzi wa kaunti waligoma kwa miezi mitano. Mwaka huo huo ulianza na mgomo wa madaktari uliokuwa umeanza Desemba 2016 na kudumu siku 100. Wodi za wazazi za umma zilifungwa au zilibaki tupu, na akina mama wakajifungulia kwenye hospitali za misheni, kliniki za watu binafsi, au nyumbani. Kisha 2020 ikaja korona. Mapema 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake, na katika kaunti nyingi wafanyakazi wa afya waliolipwa kwa fedha hizo walirudi nyumbani kwa notisi ya siku chache. Anayepanga mradi wa miaka mitatu nchini Kenya anapaswa kuhesabu kwamba miezi kadhaa ndani yake itakuwa ya namna hii.

Jambo linalonitia moyo ni kwamba pengo hili la kurudi si la Gusii peke yake, wala si la umaskini peke yake. Marekani, yenye mashine kila hospitali, ilikuta mwaka wa 2005 kwamba zaidi ya nusu ya watoto walioshindwa kupita kipimo cha kwanza hawakuwa na rekodi yoyote ya kupimwa tena. Kufikia 2011 idadi ilishuka hadi theluthi hivi, na haikushuka kwa mashine bora. Ilishuka kwa kuandika majina, kupigia familia simu, kuunganisha rekodi za hospitali na za jimbo, na kumweka mtu ambaye kazi yake ni kuuliza yule mtoto yuko wapi. Uingereza ilichukua miaka mitano kuueneza mpango wake, kutoka majaribio ya 2001 hadi nchi nzima 2006, na kila eneo lilipewa kiongozi mwenye jukumu hilo.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni Lagos. Daktari Bolajoko Olusanya na wenzake walikabiliwa na mji ambao watoto wengi huzaliwa nje ya hospitali, kwa hiyo kungoja wodini kungewakosesha nusu ya watu. Wakajiuliza ni wapi karibu kila mama humpeleka mtoto mchanga kwa hiari yake, na jibu likawa chanjo ya kifua kikuu. Wakapeleka mashine kwenye kliniki za chanjo na kuwafunza wafanyakazi wasio wataalamu wa masikio kuzitumia. Walikuta uziwi kwa kiwango kikubwa kuliko kinachotajwa Ulaya. Na wao pia, hata pale, walipoteza wengi kati ya kipimo na majibu ya hakika. Lakini walithibitisha jambo ambalo mipango mingi bado hailitumii, kwamba mama hufuata chanjo kuliko anavyofuata rufaa.

Hapa kwetu mahali hapo papo, na pana jina linalojulikana hadi kijijini: kliniki. Wiki sita, wiki kumi, wiki kumi na nne. Mama wa Nyamache au wa Ekerenyo anaweza kukosa miadi ya hospitali kubwa, lakini kliniki ya wiki sita ataiendea hata kwa miguu, kijitabu cha mama na mtoto kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni kisilowe. Kijitabu hicho ndicho rekodi pekee inayosafiri na mtoto. Kinavuka kutoka wodi hadi zahanati, kutoka zahanati ya Nyamira hadi ile ya Kisii mama akihamia kwao, na kitaonyeshwa hata siku ya kuandikishwa shule. Kama jibu la masikio halijaandikwa humo, kwa wino, na tarehe ya kurudi ikiwa ndiyo tarehe ile ile ya sindano ya wiki sita, basi halikuandikwa popote. Daftari la mradi hubaki kwenye kabati la mradi.

Kuhamishia kipimo cha pili kwenye kliniki ya wiki sita kunaondoa nauli ya ziada na siku ya ziada. Kwa mama wa Esise anayetakiwa kufika Nyamira mjini, au wa Nyamarambe anayetakiwa kufika Kisii, boda boda na matatu kwenda na kurudi, na siku nzima ya kuchuma chai iliyopotea, ni gharama anayoipima dhidi ya mtoto anayeonekana mzima. Wiki sita bado iko ndani ya ile miezi 3 ya kupata jibu la hakika. Masikio yamekauka, wale waliorudishwa kwa sababu ya maji watapita, na wanaobaki ni wachache ambao hospitali inaweza kuwashughulikia kwa majina. Hapo ndipo wahudumu wa afya ya jamii, waliokabidhiwa vifaa vyao rasmi mwaka wa 2023, wanapofaa. Mhudumu mmoja kupewa majina mawili ya watoto wa kijiji chake ni jambo linalowezekana. Kupewa majina sitini ya uongo ni kumchosha bure.

Watoto wa chumba cha watoto wagonjwa ni habari nyingine, na hapa sikubali njia ya mkato. Aliyezaliwa kabla ya wakati, aliyechelewa kulia, aliyekuwa na umanjano mkali, aliyepata dawa ya gentamisini kwa siku nyingi, huyu yuko hatarini mara nyingi zaidi ya wengine. Tena mashine ya mwangwi inaweza kumpitisha huku mshipa unaopeleka sauti kwenye ubongo ukiwa umeharibika. Anahitaji mashine ya aina ya pili, ile inayobandikwa vipande kwenye paji la uso na kusoma jibu la ubongo wenyewe. Watoto hawa hukaa hospitalini siku nyingi, wengine wiki nyingi. Hawana haja ya kutafutwa milimani. Kama kaunti ina fedha za kuanzia mahali pamoja tu, ianzie hapa, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii na katika hospitali ya rufaa ya Nyamira, kwa kila mtoto anayetoka chumba hicho, bila kumruka hata mmoja.

Sijasema lolote bado juu ya mtoto aliyethibitishwa, na hapa ndipo uchungu wangu ulipo. Kumwambia mama kwamba mtoto wake wa miezi mitatu ni kiziwi, kisha usiwe na la kumpa, ni kumtendea vibaya kuliko kutompima. Kifaa cha kusaidia kusikia kwa mtoto mchanga hakinunuliwi mara moja kikaisha. Sehemu inayoingia sikioni hutengenezwa kwa kumimina ute laini ndani ya sikio la mtoto mpaka ugande na kuchukua umbo lake, kisha hupelekwa kwa fundi. Sikio la mtoto hukua kwa kasi. Miezi michache baadaye sehemu hiyo inalegea, sauti inavuja, kifaa kinaanza kupiga mluzi, na mtoto anakivuta na kukitupa. Inatakiwa nyingine, na nyingine tena kabla ya mwaka kuisha. Betri ni ndogo kama tembe na hudumu kwa siku, si kwa miezi. Mradi uliotoa kifaa kimoja na kuondoka umempa mama huyu kitu cha kuweka kabatini.

Na si kila mtoto atasaidiwa na kifaa. Upasuaji wa kupandikiza kifaa ndani ya sikio hufanyika Nairobi, kwa gharama ambayo mkulima wa shamba la robo ekari haiwezi. Lakini lugha ya ishara haihitaji betri. Katiba ya 2010 inaitaja Lugha ya Ishara ya Kenya, na kuiweka kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Ajabu ni kwamba mtoto kiziwi wa Gusii hukutana nayo mara ya kwanza anapopelekwa shule ya bweni akiwa na miaka sita au minane, mbali na mamake, ambaye hataijua kamwe. Mafunzo ya ishara kwa mama, baba na nyanya tangu mtoto akiwa na miezi sita, mara moja kwa wiki kwenye ukumbi wa kanisa au shule ya karibu, yakiongozwa na kiziwi mtu mzima wa hapo hapo ambaye analipwa kwa kazi hiyo, yangegharimu kidogo kuliko mashine moja. Watu hao wapo. Shule za viziwi za Magharibi na Nyanza zilianza kuwafundisha mapema miaka ya 1960, Mumias na Nyang'oma zikitangulia, na wahitimu wako Kisii mjini wakishona, wakiunda samani, wakiendesha biashara. Sijui mpango mzuri wa masikio unaoweza kuandikwa bila kuwaketisha hao mezani. Mama aliyetoka kupewa jibu huogopa kwa sababu hajawahi kuzungumza na kiziwi mwenye kazi na watoto wake. Akimwona mmoja, hofu inapata kipimo.

Upande wa elimu una vituo vya kutathmini watoto tangu 1984, vilipoanzishwa kwa msaada wa Denmark, na vimeenea nchi nzima. Huko ndiko mtoto hupelekwa kabla ya kupangiwa shule. Ila vituo hivyo viko chini ya elimu, ambayo ni ya serikali kuu, na wodi ya wazazi iko chini ya kaunti tangu afya ilipogatuliwa mwaka wa 2013. Mtoto aliyegunduliwa wodini hafiki kwenye kituo cha tathmini mpaka mzazi ambebe mwenyewe. Afisa wa tathmini na daktari wa masikio wanaweza kuwa wanafanya kazi katika mji mmoja bila orodha ya mmoja kuonwa na mwingine. Hili halihitaji mfadhili. Linahitaji barua mbili na kikao cha kila mwezi.

Kinga nayo isisahaulike kwa kuwa haina mashine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 60 ya uziwi wa utotoni ungeweza kuzuiwa. Mwaka wa 2016 Kenya iliunganisha chanjo ya rubela na ya surua na kuwachanja watoto wa miezi 9 hadi miaka 14 kwa kampeni ya nchi nzima. Wasichana waliokuwa wakubwa katika kundi hilo sasa ndio wanaozaa, na watoto wao wanakingwa na ugonjwa uliokuwa ukiua masikio tumboni kabla hata mama hajajua kuwa ni mjamzito. Na umanjano mkali nilioutaja nao una kinga: kumwanika mtoto juani kwa ajili yake badala ya kumrudisha hospitali upesi ni hatari iliyo mikononi mwetu kuikomesha.

Nchi haikukosa maandishi. Ulikuwapo mkakati wa kitaifa wa huduma za masikio na usikivu wa 2016 hadi 2020, na kabla yake na ndani ya miaka hiyo Kenya imeketi na mataifa mengine kupitisha maazimio ya Baraza la Afya Duniani, la 1995 na la 2017. Mkakati wa kitaifa hununua neno. Kijipira hununuliwa na kaunti. Kwa mujibu wa sheria ya usimamizi wa fedha za umma, makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa bungeni kufikia Aprili 30, na kabla hayajapitishwa wananchi huitwa kutoa maoni, Ogembo kwa siku yao, Keroka kwa yao, Nyamira kwa yao. Watu wengi husimama kuuliza barabara, na wana haki. Mwaka ujao mtu mmoja asimame aulize mambo manne. Je, kuna fedha za vijipira na ukaguzi wa mashine katika fungu la hospitali, zisizotoka kwa mfadhili? Je, nani ameajiriwa, kwa jina na mshahara, kuwapigia simu akina mama? Je, jibu la masikio linaandikwa katika kijitabu cha mama na mtoto? Na katika watoto walioambiwa warudi mwaka uliopita, wangapi walirudi? Swali la nne lisipopata jibu palepale, aombe liandikwe katika kumbukumbu za kikao, na kikao kijacho aanzie hapo.